Ishara kutoka ustaarabu wa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa kila watu wa Nairobi wanapozungumzia viumbe wa sayari nyingine: shuleni, kwenye vipindi vya redio, na kila picha mpya ya taa angani inaposambaa kwenye simu. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale ya nadra. Jambo lililojibiwa kwingine tumelitajia namba tu. Mwenye haraka asome la 6, la 11 na la 17.

## Mambo ya msingi

1. Je, imewahi kuthibitishwa ishara yoyote kutoka kwa viumbe wenye akili nje ya dunia?

Hapana, hata moja. Usikilizaji wa kitaalamu ulianza Aprili 1960, Frank Drake alipoelekeza dishi la mita 26 la Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili: Tau Ceti na Epsilon Eridani. Zote mbili huonekana kwa macho matupu ukiwa mahali penye giza, tuseme Magadi. Tangu hapo vifaa vimekua mno. Mradi wa Breakthrough Listen, uliotangazwa 2015, umetumia Green Bank, Parkes ya Australia, na MeerKAT ya Afrika Kusini yenye madishi 64. Ishara za kutiliwa shaka zimepatikana nyingi sana, na zile zilizoweza kufuatiliwa hadi mwisho zimegeuka kuwa zetu wenyewe au za maumbile.

Kimya hicho hakisemi kwamba hawapo. Tukipima anga kwa upande, kwa masafa (yaani namba ya stesheni, kwa lugha ya redio) na kwa muda, tulichokwisha kusikiliza ni kidogo mno.

2. Tukisema "mawasiliano" tunamaanisha nini? Chombo kitatua Uhuru Park?

Hilo ndilo lisilotarajiwa kabisa. Kinachotafutwa ni vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina utaratibu wake: ishara ya redio au ya leza, dalili za viwanda au mitambo kwenye sayari ya mbali, kitu kilichoundwa kinachopita karibu na jua letu (swali la 22), na uhai wa vijidudu, kwa mfano Mirihi (swali la 23). Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu ishara, kwa kuwa ndiyo yenye makubaliano yaliyoandikwa.

3. Kwa nini redio, na ni masafa gani?

Mawimbi ya redio hupenya vumbi la angani, hugharimu nishati kidogo, na husafiri kwa kasi ya nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Wengi huanzia jirani na megahezi 1,420, ambako haidrojeni yenyewe hutoa mawimbi; yeyote anayejua fizikia, popote alipo, anaijua namba hiyo. Isitoshe, kwa kanuni za kimataifa, bendi ya megahezi 1,400 hadi 1,427 haitakiwi kurushiwa chochote hapa duniani.

Kinachowindwa ni ishara nyembamba. Nyota, mawingu ya gesi na mabaki ya nyota hutapanya mawimbi yao kwenye masafa mapana. Mtambo unaweza kubana nguvu zake zote ndani ya hezi moja au mbili. Ni kama firimbi katikati ya kelele za Gikomba: haina sauti kubwa kuliko soko zima, ila sikio linaitambua.

4. Kuna mpango rasmi wa dunia nzima?

Upo, lakini hauna meno. Mwaka 1989 Chuo cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga za Juu, IAA, kilipitisha tamko la kanuni za kufuata ishara ikigunduliwa, kisha kikalifupisha 2010. Kwa maneno machache: thibitisha kwanza, ikishathibitika, itangaze kwa wote, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akiwemo, hifadhi data na uwaachie wanasayansi wengine waipitie, linda masafa yale yasivurugwe, na usijibu kabla ya kutafuta mwongozo na idhini ya chombo kinachowakilisha watu wa dunia, kama Umoja wa Mataifa.

Si sheria. Hakuna mahakama itakayomshtaki anayelikiuka, wala serikali haikulazimika kulitia saini. Tangu 2022 Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kina kituo kinachojaribu kugeuza kanuni hizi kuwa taratibu za kazi.

5. Kipimo cha Rio ni nini?

Ni alama ya 0 hadi 10 inayoeleza tangazo la kugunduliwa viumbe wenye akili lina uzito gani. Kilipendekezwa 2000 mjini Rio de Janeiro na Iván Almár na Jill Tarter, kikaboreshwa 2018. Huzingatia mambo mawili kwa pamoja: athari ya ugunduzi kama ni wa kweli, na uwezekano kwamba ni wa kweli. Kwa hiyo madai makubwa yenye ushahidi hafifu hupata alama ndogo. Mwandishi wa habari akiuliza swali moja tu, aulize alama ya Rio.

## Siku ishara inapopatikana

6. Ni hatua zipi hufuatwa kabla ya mtu kutangaza?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo haraka huharibu.

Kwanza, dishi hutazama nyota dakika tano, kisha huhamishwa pembeni dakika tano, halafu hurudishwa. Hilo hufanywa mara tatu, jumla nusu saa. Ishara inayotoka kwenye nyota lazima ionekane dishi likiwa kwenye nyota na ipotee likiwa pembeni. Ikiendelea kusikika popote dishi linapoelekea, basi imeingilia ubavuni, nayo ni ya hapa hapa.

Pili, hupimwa kuhama kwa masafa. Dunia inazunguka, na mzunguko huo peke yake huweza kuisogeza ishara ya megahezi 1,420 kwa takriban hezi 0.16 kila sekunde kwa mtu aliye ikweta. Sayari yao nayo huzunguka. Ishara iliyotulia tuli bila kuhama hata chembe ina maana mtambo wake umesimama kwenye ardhi ile ile iliyobeba darubini. Hiyo hutupwa.

Tatu, mahali ilikotoka hulinganishwa na orodha ya setilaiti na vyombo vya angani vilivyokuwa vikipita dakika hiyo. Nne, mafundi wa kituo huulizwa kama kuna aliyeingiza ishara ya majaribio. Swali hili huonekana la kitoto, lakini kulisahau kunaweza kuaibisha kituo kizima.

Tano, na hii haina mbadala: darubini nyingine, bara jingine, watu wengine, programu nyingine. Setilaiti iliyo karibu huonekana upande tofauti wa anga kutoka vituo viwili vilivyo mbali, ilhali nyota hubaki pale pale. Wakati wote huo data ghafi, ile ambayo haijachujwa, huhifadhiwa nakala mbili au zaidi katika majengo tofauti. Vituo vingi hufuta data ghafi kwa sababu hujaza diski upesi, na bila hiyo hakuna atakayeweza kurudia uchambuzi.

7. Ni vitu gani vimewahi kuwadanganya wataalamu?

Vitatu vinatosha kwa funzo. Mwaka 1967 huko Cambridge, Jocelyn Bell aliona mapigo yaliyojirudia kila sekunde 1.33 kwa usahihi wa kutisha. Wakayabandika kwa mzaha jina la watu wadogo wa kijani. Alipopata mapigo ya aina hiyo upande mwingine wa anga, wazo la viumbe likafa: wasingeweza kuwa wawili, mbalimbali, wakitutumia jambo moja. Zilikuwa pulsa, mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi.

Parkes nako, milipuko mifupi iliyosumbua watu kwa miaka ilifumbuliwa 2015. Ilitokea mtu alipofungua mlango wa maikrowevu ya jikoni kabla haijamaliza kupasha chakula.

La tatu ni BLC1, na ndilo la kujifunza zaidi. Mwaka 2019 Parkes ilinasa ishara ya megahezi 982 dishi lake likiwa limeelekezwa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua, umbali wa miaka-nuru 4.2 (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Ilipita mtihani wa dakika tano, na masafa yake yalihama kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Desemba 2020 habari ikavuja magazetini kabla kazi haijaisha. Mwaka 2021 wachambuzi walionyesha kwamba kwenye data ile ile kulikuwa na ishara kadhaa za sura hiyo hiyo katika masafa mengine, zikipishana kwa vipimo vya saa za ndani zinazoendesha vifaa vya kawaida vya elektroniki. Ilikuwa mitambo ya jirani.

8. Serikali zinaweza kuificha?

Kwa ishara ya kweli, ni vigumu mno. Hatua ya tano katika swali la 6 inalazimu kuwaambia watu wa nchi nyingine, na nyota haina mwenyewe: yeyote mwenye dishi la kutosha akijua upande na masafa atasikia. BLC1 ilivuja hata kabla ya kuwa kitu. Tunachokiogopa sisi si siri, ni tangazo la mapema.

9. Umoja wa Mataifa uko hapa Gigiri. Viumbe watapokelewa Nairobi?

Gigiri kuna makao makuu ya shirika la mazingira, UNEP, na lile la makazi, UN-Habitat. Masuala ya anga za juu yako Vienna, kwenye ofisi ya UNOOSA. Hata huko hakuna balozi wa kupokea wageni wa angani. Mwaka 2010 magazeti yaliandika kwamba Mazlan Othman, aliyekuwa mkuu wa ofisi hiyo, ameteuliwa kwa kazi hiyo. Yeye mwenyewe alikanusha.

10. Kenya ina nafasi gani katika jambo hili?

Kubwa kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake ya kwanza ni jiografia. Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu yetu, na kila nyota hukaa juu ya upeo wa macho takriban saa 12. Ishara ikithibitishwa, itabidi ifuatwe mchana na usiku bila kukatika. Inapotua upande wa Australia na China lazima kuwe na mtu wa kuipokea kabla haijachomoza Amerika, na hapo katikati ndipo tulipo.

Kwa vifaa tuko nyuma. Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa, na dishi la zamani la mawasiliano la Longonot limetajwa kwa miaka kuwa linafaa kugeuzwa darubini ya redio. Si kwamba nchi ni ngeni kwenye fani: setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru.

Kiserikali, mhusika ni Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lililoundwa 2017, na Kenya ina kiti kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu. Mjadala wa kujibu ukifika huko, mjumbe wetu atapaswa kuwa na msimamo. Kuuandaa msimamo huo sasa, kabla ya kelele, kungegharimu mikutano michache tu.

## Kujibu au kutojibu

11. Tukipata ishara, tuijibu?

Si mara moja. Huo ndio msimamo wa tamko la IAA, na ndio wetu.

Wapo wanaotaka tujibu, hata turushe ujumbe bila kusubiri kusikia chochote. Hoja yao: kila mtu akisikiliza tu, hakuna atakayesikika. Wanaopinga, Stephen Hawking akiwa mmoja wao alipotoa tahadhari 2010, husema hatujui tunayemwita, na historia ya mwenye nguvu kukutana na mnyonge inajulikana. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki au wa Bonde la Ufa hoja hiyo haihitaji mifano ya mbali.

Kwetu sisi, hoja nzito zaidi ni ya saa. Anayetuma ishara kutoka umbali wa miaka-nuru 40 ameshasubiri miaka 40 ili tuisikie, na atasubiri 40 mingine hata tukijibu leo usiku. Miaka mitano ya majadiliano haimpunguzii chochote. Jibu lililorushwa, kwa upande mwingine, haliwezi kuitwa lirudi. Hakuna faida ya haraka inayolingana na hasara hiyo.

12. Si wameshatujua tayari kupitia redio na televisheni?

Kidogo kuliko inavyosemwa. Matangazo ya redio Nairobi yalianza 1928, lakini mawimbi ya kati na mengi ya mafupi hugonga tabaka la ionosfia na kurudi chini. Televisheni na FM hupenya, ila hutawanyika na kudhoofika. Mwenye vifaa kama vyetu asingezinasa hata kwenye nyota nyingi za jirani. Kinachofika mbali ni rada zenye nguvu, ambazo humulika kamba nyembamba ya anga kwa muda mfupi. Kwa hiyo kusema "wanatujua, basi turushe tu" ni kuruka hatua.

13. Ni nani amewahi kurusha ujumbe, na naweza kurusha wangu?

Maarufu ni ujumbe wa Arecibo, Puerto Rico, 16 Novemba 1974: alama 1,679 zilizoelekezwa kwenye kishada cha nyota M13, umbali wa takriban miaka-nuru 25,000. Dishi la Yevpatoria, Crimea, lilirusha mwingine 1999, 2001, 2003 na 2008. Mwaka 2017 ujumbe ulitumwa kutoka Tromsø, Norway, kwenda nyota ya Luyten, miaka-nuru 12.4. Wa Luyten utafika karibu 2030, na jibu, kama lipo, haliwezi kutufikia kabla ya 2042 hivi. Hakuna aliyeomba ruhusa ya dunia.

Wewe ukiwa Kasarani na kisambaza-mawimbi chako, kwanza hutafika popote: nguvu haitoshi. Pili, kurusha mawimbi ya redio Kenya bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Kusikiliza anga ni jambo jingine (swali la 18).

14. Jibu litaandikwa kwa lugha gani? Kiswahili kitakuwemo?

Jibu la maana litaanza na hesabu na picha. Ujumbe wa Arecibo ulitumia alama 1,679 kwa sababu namba hiyo hugawanyika kwa njia moja tu, 23 mara 73, hivyo mpokeaji anajua upana na urefu wa picha. Ujanja huo ni mzuri kwenye karatasi kuliko mikononi. Mwaka 2023 wasanii na wanasayansi walirusha ujumbe wa majaribio kutoka chombo kinachozunguka Mirihi, wakawaachia watu wote waufumbue. Kuchomoa alama kwenye ishara kulichukua siku kadhaa. Kuelewa kwamba zilikuwa michoro ya asidi amino kulichukua mwaka hivi, na hapo mtumaji na mpokeaji wote ni binadamu.

Kuhusu Kiswahili: rekodi za dhahabu zilizobebwa na vyombo vya Voyager 1977 zina salamu katika lugha 55. Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Kiswahili hakimo. Kama kutakuwa na kamati ya kuandika jibu, mwakilishi wetu analo jambo moja dogo la kudai.

15. Tutajuaje wanasema nini?

Pengine hatutajua kwa muda mrefu. Ishara dhaifu hupatikana kwa kujumlisha mawimbi ya dakika nyingi, na kujumlisha huko hufuta mabadiliko ya haraka ambayo ndiyo yanayobeba maneno. Tutajua kuna mtu amewasha mtambo. Kusoma alichosema kutahitaji dishi kubwa mara nyingi zaidi. Tarajia tangazo la "ipo" miaka kabla ya tangazo la "inasema hivi".

## Mtaani

16. Nimeona taa za ajabu juu ya Nairobi. Nifanye nini?

Andika saa kamili, upande kwa dira, urefu kutoka upeo wa macho, na muda iliochukua. Ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele ni kama digrii 10. Piga video ukiwa umeingiza ukingo wa jengo au mti, na usivute picha karibu: kamera ya simu ikikosa kulenga hugeuza nukta yoyote kuwa sahani inayong'aa.

Kisha ondoa ya kawaida. Mstari wa nukta zinazofuatana baada ya magharibi au kabla ya alfajiri ni setilaiti za Starlink. Hupotea ghafla zikiingia kivuli cha dunia. Taa moja kali iliyosimama upande wa uwanja wa ndege wa JKIA ni ndege inayokuja moja kwa moja kwako. Zuhura ndiyo hulaumiwa mara nyingi, lakini haiwezi kuwa juu usiku wa manane: huzama ndani ya saa tatu na kitu baada ya jua, au huchomoza saa hizo hizo kabla ya mapambazuko. Ikibaki bila maelezo, ni taa isiyo na maelezo. Ripoti ya NASA ya Septemba 2023 kuhusu matukio ya namna hii haikupata ushahidi kwamba yanatoka nje ya dunia.

17. Kitu kimeanguka shambani kutoka angani. Nani wa kupigiwa?

Polisi kwa 999 au 112, na chifu au naibu wake. Wao hufikisha KSA. Kabla ya hapo: kaa mbali, upande unakotoka upepo, na uzuie watoto. Mabaki ya roketi yanaweza kuwa na matangi yenye shinikizo au masalia ya haidrazini, mafuta yenye sumu inayopita kwa ngozi na kwa pumzi. Usikate kipande cha kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mfano uko karibu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Uvumi wa wageni ulitembea siku hiyo hiyo; KSA ikaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Kwa mkataba wa 1972, nchi iliyorusha chombo huwajibika kulipa uharibifu unaotokea ardhini bila mlalamikaji kuthibitisha uzembe. Kwa hiyo piga picha za nyumba, mazao na mifugo iliyoathirika kabla ya kusafisha.

Likiwa jiwe lenye ganda jeusi, huenda ni kimondo. Lifunge kwa karatasi safi ya alumini, na usiligusishe sumaku: sumaku hufuta kumbukumbu ya usumaku wake, ambayo ni sehemu ya thamani yake kwa wachunguzi.

18. Naweza kusikiliza anga mwenyewe nyumbani?

Ndiyo, ila utasikia haidrojeni ya Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, si viumbe. Unahitaji kipokezi kidogo cha redio cha USB kinachofika megahezi 1,700 au zaidi, dishi la mita moja hivi au pembe ya bati, kikuza-mawimbi chenye kichujio cha megahezi 1,420, na kompyuta. Kikuza-mawimbi kikae kwenye antena yenyewe. Ukikiweka mwisho wa waya, waya unakuwa umeshameza ishara.

Jumlisha dakika tano hadi kumi ukielekea kwenye mkanda wa nyota, kisha dakika hizo hizo ukielekea mbali nao, na utoe moja kwenye nyingine. Kinundu kidogo jirani na megahezi 1,420.4 ndicho unachotafuta. Kikikosekana, mara nyingi lawama ni ya mnara wa simu ulio karibu, unaozidi nguvu kikuza-mawimbi kisicho na kichujio kizuri, au ya chaja na balbu za LED. Zima vyote, tumia betri, na ikiwezekana toka mjini.

19. Habari ya kugunduliwa viumbe imefika kwenye kundi la WhatsApp. Nitajuaje ni ya kweli?

Wasemao "lisemwalo lipo" hawajaona makundi ya WhatsApp. Tangazo la kweli hutaja jina la darubini, masafa, mahali angani kwa vipimo vya ramani ya nyota, muda kwa saa za UTC (ongeza tatu upate za Nairobi), na kituo cha pili kilichothibitisha. Likikosa viwili kati ya hivyo, usilitume mbele. Mwaka 2018 Kenya ilipitisha sheria ya makosa ya mtandao iliyoweka adhabu kwa kusambaza uongo kwa kujua.

Walaghai watajitokeza ndani ya saa moja: changia jibu la dunia kwa M-Pesa, nunua dawa ya kujikinga na miale, lipia nafasi ya kuhamishwa. Ishara ya redio kutoka nyota nyingine haidhuru mtu. Nguvu yake ni hafifu kuliko ya simu iliyo mfukoni mwako mara nyingi zisizohesabika.

20. Dini zetu zitasemaje?

Waulize viongozi wako, lakini usidhani watashtuka. Kurani, sura ya 42 aya ya 29, inataja viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini. Mwaka 2008 José Gabriel Funes, padri aliyekuwa mkuu wa kituo cha nyota cha Vatican, alisema imani na wazo la viumbe wengine havigongani.

## Hali zisizo za kawaida

21. Je, ujumbe ukiwa na programu ya kompyuta au ramani ya mtambo?

Usiendeshwe, usijengwe. Uchambuzi ufanyike kwenye mashine zisizounganishwa na mtandao wowote, na yaliyosomwa yatolewe kama maandishi na picha. Hapa kuna ugumu wa kweli ambao hakuna kanuni iliyoutatua: data ikiwa wazi kwa wote kama swali la 4 linavyotaka, yeyote anaweza kujaribu. Kufunga data nako hakusaidii, kwa sababu ya tuliyosema katika swali la 8. Kinachobaki ni kuandika makubaliano haya mapema, watu wakiwa bado na subira.

22. Kitu cha ajabu kikipita kwenye mfumo wa jua letu?

Vimepita vitatu vinavyojulikana kutoka nje: 'Oumuamua 2017, Borisov 2019, na 3I/ATLAS 2025. Green Bank ilisikiliza 'Oumuamua Desemba 2017, haikusikia kitu. Utaratibu ni kukipima njia yake, rangi na mzunguko kwa darubini nyingi kabla hakijatoweka. Kikionekana kimeundwa, mkataba wa anga za juu wa 1967, ambao Kenya imo, unazitaka nchi kuarifu umma na Katibu Mkuu kuhusu matokeo ya shughuli zao. Hakuna kifungu kinachoeleza nani akiguse. Pengo hilo ni kubwa.

23. Vijidudu vikipatikana Mirihi?

Hilo ni suala la karantini, si la mazungumzo. Kamati ya kimataifa ya COSPAR ina miongozo ya kuzuia uchafuzi wa kwenda na wa kurudi. Wanaanga wa Apollo 11 walitengwa hadi siku 21 zikatimia tangu watoke mwezini. Tahadhari ya kisayansi ni ile ile ya swali la 6: mwaka 1996 ilitangazwa kwamba kimondo kutoka Mirihi kina dalili za uhai wa kale, na dalili hizo bado zinabishaniwa.

24. Ishara ikisikika mara moja, kisha isirudi?

Hali hii imeshatokea. Tarehe 15 Agosti 1977 darubini ya Big Ear, Ohio, ilirekodi ishara kali na nyembamba ya sekunde 72, ambazo ndizo hasa nukta moja ya anga ilichukua kupita mbele ya darubini ile isiyosogea. Jerry Ehman alipoiona kwenye karatasi aliandika pembeni "Wow!". Darubini ilikuwa na masikio mawili yaliyopishana dakika tatu hivi. Ishara ilisikika kwenye moja tu, na hakuna aliyeipata tena.

Ishara ya namna hiyo haitangazwi kuwa ugunduzi, haijibiwi, wala haitupwi. Huandikwa upande, masafa, saa na upana wake, kisha mahali pale husikilizwa tena kwa muda mrefu, ikiwa ni pamoja na vipindi vya saa kadhaa mfululizo, kwani mtambo unaozunguka kama taa ya mnara wa bahari unaweza kutumulika mara moja kwa siku au kwa mwezi. Data ghafi isifutwe. Ya 1977 haikuhifadhiwa kwa namna hiyo. Iliyobaki ni karatasi yenye herufi na tarakimu sita, 6EQUJ5, ambazo huonyesha nguvu tu.